Sura ya Tano: Mita Ishirini za Mchanga

Mchanga wa pwani si mmoja. Ule wa juu, unaoanzia kwenye minazi au ukuta wa hoteli na kuishia pale maji ya bamvua yanapofika, ni mkavu na laini, na kila kizito hudidimia ndani yake. Magurudumu ya mbele ya kiti mwendo ni madogo. Yakiuingia huchimba, hujizika, na kiti hukwama. Ule wa chini, uliolowa na kushindiliwa na maji, ni mgumu. Paje na Jambiani, upande wa mashariki wa Unguja, maji yakipwa watu hupita juu yake kwa baiskeli bila shida. Kiti mwendo nacho hupita. Mtu asiyetembea akishaufikia mchanga huo ana ufukwe mzima mbele yake: anaweza kujisukuma mwenyewe sambamba na wanawe, akasimama kuzungumza na kina mama wanaolima mwani, akaendelea. Kati yake na raha hiyo upo ukanda wa mchanga mkavu ambao sehemu nyingi hauzidi mita 20.

Sura hii inahusu mita 20 hizo na nyingine za aina yake. Watu wenye ulemavu wanaposhindwa kutalii, au kutoka tu na familia siku ya Jumapili, mara chache huwa wameshindwa na mlima, mbuga au bahari yenyewe. Hushindwa na kipande kifupi kilichobaki: ngazi tatu za mlangoni, mlango wa choo wenye upana wa sentimita 60, boti iliyo chini mno ya gati. Ni vitu ambavyo fundi mmoja angevimaliza kwa siku chache, lakini hakuna aliyeambiwa kuwa ni kazi yake.

Kwetu jibu la haraka ni kubeba. Mgeni akifika kwenye ngazi au mchangani, vijana wanne hujitokeza kabla hawajaitwa, na moyo wao ni safi kabisa. "Shikamoo mzee. Usiwe na wasiwasi, tunakunyanyua sasa hivi." Nilimsikia mzee mmoja, fundi cherehani ambaye miguu yake ilipooza kwa polio tangu utotoni, akiwajibu kwa upole: "Marahaba wanangu. Ahsanteni sana, ila leo nimekuja na wajukuu. Sitaki wanione nikibebwa." Akabaki kivulini, wajukuu wakaenda majini na mama yao. Hakuna aliyemfanyia ubaya siku ile. Aliikosa bahari huku akiitazama, basi.

Kubeba kuna hatari pia, na hili halisemwi vya kutosha. Mtu aliyeumia uti wa mgongo huenda hahisi chochote kuanzia kifuani kwenda chini. Akinyanyuliwa kwa kuvutwa mikono, bega linaweza kuteguka; akiburuzwa kwenye ukingo wa saruji, ngozi inachubuka naye asijue mpaka jioni; akiwa na mpira wa mkojo, ukinaswa na kuvutwa unamjeruhi ndani. Ikibidi kubeba, muulize mwenye mwili wake namna ya kumshika, na umsikilize mpaka amalize. Yeye amebebwa mara nyingi kuliko wewe ulivyobeba.

Nchi nyingine zinazoishi kwa utalii wa bahari zimeshajua kuwa mita hizo zinamalizika. Katika fukwe nyingi za Ulaya hutandikwa njia ya mbao, au ya mkeka mgumu wa plastiki, kutoka barabarani kuelekea majini, na pembeni huwekwa viti vyenye matairi manene ya upepo ambayo hayazami mchangani. Ugiriki wamefika mbali zaidi. Wana mtambo uitwao Seatrac, uliobuniwa hukohuko: reli fupi inayoteremka kutoka nchi kavu hadi baharini, na juu yake kiti kinachoendeshwa kwa umeme wa jua. Mtu anahamia kwenye kiti kile, anabonyeza kitufe, anashuka taratibu mpaka maji yamfike kifuani, anaogelea, kisha anarudi kwa kitufe kilekile. Sisi hatuna haja ya kuanzia huko. Vipande vya mbao vilivyofungwa kwa kamba bega kwa bega, vikatandikwa asubuhi juu ya mchanga mkavu na kukunjwa jioni, seremala yeyote wa mtaani anaviweza.

Tena tuna elimu ambayo kitabu cha mgeni hakina, nayo ni kupwa na kujaa. Nungwi na Kendwa, kaskazini mwa Unguja, maji hayaendi mbali, kwa hiyo bahari iko karibu karibu siku nzima. Mashariki mwa kisiwa hukimbia mamia ya mita, na anayetaka kuogelea lazima aende na saa ya maji. Ndivyo ilivyo kwa boti. Anayekwenda Lamu kwa ndege hushukia kisiwa cha Manda, na kutoka hapo hana njia ila kuvuka kwa chombo. Siku za bamvua, tofauti kati ya maji kujaa na kupwa katika pwani yetu hupita mita 3. Maji yakijaa, ukingo wa boti hukaribiana na gati na ubao mmoja mpana unatosha kumvusha mtu na kiti chake. Saa sita baadaye boti ileile iko chini kabisa, na ngazi za kuifikia zimelowa na zinateleza. Nahodha anayajua haya tangu utoto wake. Anayekata tiketi na kupanga ratiba hajamuuliza. Ningependa kila kampuni ya utalii ya pwani ibandike jedwali la maji ukutani, karibu na simu ya kupokelea wageni, na ilitumie.

Mbugani mambo ni tofauti, na kwa namna fulani ni mepesi kuliko watu wanavyodhani. Serengeti au ndani ya kreta ya Ngorongoro, sheria inamtaka kila mgeni abaki garini isipokuwa kwenye vituo vilivyoruhusiwa. Wote wameketi. Kwa saa hizo anayetembea na asiyetembea wako sawa mbele ya simba, na sijui utalii mwingine unaomfaa zaidi mtu wa kiti mwendo kuliko huu. Kazi ipo kwenye kulipanda gari. Land Cruiser ya safari imeinuliwa. Sakafu yake iko juu ya goti la mtu mzima, mlango ni mwembamba, na kiti kimejificha nyuma ya mlango huo. Zipo gari zilizofungwa lifti ya kupandishia kiti mwendo, lakini ni chache na ni ghali. Kwa wengi kinachosaidia ni ubao wa kuhamia, yaani ubao laini unaowekwa kati ya kiti mwendo na kiti cha gari ili mtu ajisogeze mwenyewe, pamoja na jukwaa dogo la mbao la kuupandisha usawa wa kiti mwendo.

Akishapanda, yapo mambo ambayo hayana gharama na ambayo dereva mzuri huyafanya mara moja tu akishaelezwa. Wenzake watasimama kuchungulia kwenye paa lililo wazi, naye ataona viuno vyao; kwa hiyo apewe dirisha, na dereva aegeshe gari tembo awe upande wake. Barabara za mbugani zina makorongo na vumbi, na kwa mtu asiyehisi makalio yake mtikisiko wa siku nzima huleta vidonda vya mgandamizo vinavyochukua miezi kupona. Kwa hiyo mto wa kiti mwendo chake utolewe, uwekwe juu ya kiti cha gari, aukalie. Aliyeumia uti wa mgongo sehemu za juu hatoi jasho kama wengine, na mwili wake hupanda joto upesi. Chupa ya kupulizia maji na kitambaa kilicholowa vikae karibu yake. Hakuna hata kimoja hapo kinachohitaji mfadhili.

Juu ya Kilimanjaro kuna visa vinavyopendwa na magazeti. Bernard Goosen wa Afrika Kusini, mwenye mtindio wa ubongo, alifika kileleni kwa kiti mwendo mwaka 2003 na tena 2007. Spencer West, asiye na miguu, alipanda sehemu kubwa ya njia kwa mikono yake mwaka 2012. Mkenya Douglas Sidialo, aliyepofuka macho katika mlipuko wa bomu kwenye ubalozi wa Marekani jijini Nairobi tarehe 7 Agosti 1998, alisimama juu ya mlima huo mwaka 2005. Nawaheshimu kwa dhati. Hata hivyo visa vyao vimetumika vibaya. Meneja akionyeshwa ngazi zake hujibu kuwa mwenye nia haachwi, mbona kuna waliopanda Kilimanjaro? Mtu anayetaka kula urojo ukingoni mwa bahari hapaswi kuwa shujaa kwanza.

Na wengi wanaotaka kutoka si wageni kutoka ng'ambo. Sensa ya Tanzania ya mwaka 2022 ilionyesha kuwa asilimia 11.2 ya watu wenye umri wa miaka 7 na zaidi wana ulemavu wa aina fulani. Hao ni wa kwetu, wanaishi kwenye nyumba zetu. Mfikirie mama wa Manzese, Dar es Salaam, mwenye mtoto wa miaka 12 aliyezaliwa na mtindio wa ubongo. Anataka kumpeleka Coco Beach. Daladala haisimami; ikisimama, konda anahesabu kiti mwendo kuwa mzigo na anataka nauli yake. Mabasi ya mwendokasi, yaliyoanza jijini humo mwezi Mei 2016, yalijengewa vituo vilivyoinuliwa usawa wa sakafu ya basi, hata kiti kinaingia bila kunyanyuliwa. Ni moja ya kazi bora za ujenzi zilizowahi kufanyika nchini kwa ajili ya watu wenye ulemavu, japokuwa asubuhi na jioni msongamano huifuta faida hiyo yote. Bajaji inafaa: sakafu yake ni ya chini, inafika mlangoni, na kiti kikikunjwa hukaa nyuma. Lakini kwenda na kurudi kwa bajaji ni fedha ya mboga ya siku kadhaa. Mtoto anaweza kukua Manzese mpaka akafika miaka 15 bila kuiona bahari iliyo kilomita chache tu kutoka kwao.

Wakifika mahali penye kiingilio, mama huyo atalipa tiketi mbili. Yeye hakuja kutalii. Amekuja kumlisha, kumgeuza na kumsukuma mwanawe. Kila makumbusho, bustani na hifadhi ingeamua kesho kuwa msaidizi wa mtu mwenye ulemavu haulizwi kiingilio, familia nyingi zingetoka.

Halafu choo. Mtu anayetumia kiti mwendo, kabla ya kuuliza wanyama au chakula, huuliza choo. Asipopata jibu la kueleweka hufanya moja kati ya mawili: anaahirisha safari, au anaacha kunywa maji tangu usiku wa kuamkia siku hiyo, kwenye joto la pwani, akijitafutia maradhi ya figo. Kiti mwendo cha kawaida kina upana wa karibu sentimita 65, na mikono inayokisukuma inahitaji nafasi pembeni. Kwa hiyo mlango uwe na uwazi wa sentimita 80 kwa uchache, na 90 ni bora. Ndani pawepo nafasi ya kugeuka, mduara wa sentimita 150. Choo kiwe cha kukaa, usawa wa kiti mwendo, na vyuma vya kushikilia vifungwe ukutani kwa boliti za kweli, maana mtu mzima ataning'iniza uzito wake wote hapo. Mlango ufunguke kwa nje. Ukifunguka kwa ndani na mtu akaanguka, mwili wake ndio utakaouzuia mlango na hakuna atakayemfikia. Mpira wa maji ya kutawadhia uwe karibu na mkono.

Mahali vilipojengwa vyoo hivyo, nenda ukavitazame. Utakuta ndani ndoo, mafagio, kreti za soda na viti vilivyovunjika, na ufunguo anao mtu ambaye leo yuko mapumzikoni. Ndiyo maana naamini ukaguzi wa choo usifanywe na mhandisi peke yake siku ya ufunguzi. Ufanywe na mtumiaji wa kiti mwendo, siku ya kawaida, bila kutoa taarifa. Uingereza, ambako vyoo hivi huwekewa kamba nyekundu ya kuomba msaada inayopaswa kufika sakafuni, tatizo ni la aina ileile: wasafishaji huifunga juu isiwasumbue, na aliyeanguka chini haifikii. Huko tangu mwaka 2006 kuna kampeni ya Changing Places, inayodai vyoo vyenye kitanda na winchi ya kumnyanyulia mtu mzima asiyejiweza, ili asibadilishwe nepi sakafuni. Yule mama wa Manzese hana kitanda wala winchi. Anatandika kanga kwenye sakafu ya choo cha umma na kumlaza mwanawe wa miaka 12 juu yake. Benchi pana lenye godoro la ngozi, kwenye chumba chenye komeo, lingemtosha.

Kuhusu njia za mteremko nitasema machache tu, kwa kuwa hesabu yake ni rahisi. Kwa kila sentimita 1 ya kupanda, weka sentimita 12 za urefu. Ngazi moja ya sentimita 15 inataka mteremko wa mita 1.8, ngazi tatu zinataka mita 5.4. Hoteli iliyomwaga zege la mita moja juu ya ngazi tatu imejenga mtelezo, na siku moja utamwangusha mtu.

Wapo wanaosema majengo ya kale hayagusiki. Mji Mkongwe wa Zanzibar, ulioingia kwenye orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2000, unawajibu wenyewe. Mabaraza ya mawe yaliyo mbele ya nyumba humpa mwenye magongo, mjamzito na mzee mahali pa kupumzika kila baada ya hatua chache. Vichochoro vyake vyembamba vina kivuli karibu siku nzima, na kwa mtu mwenye ualbino kivuli ni afya: anaweza kutembea mji wote kwa kofia yake na mafuta yake ya kukinga jua, kama yale ya KiliSun yanayotengenezwa katika hospitali ya KCMC mjini Moshi. Beit al-Ajaib, aliyoijenga Sultani Seyyid Barghash mwaka 1883, inajulikana kwa kuwa jengo la kwanza Zanzibar kupata umeme na lifti, ingawa sehemu yake iliporomoka tarehe 25 Desemba 2020. Waliotutangulia hawakuona aibu kuweka lifti ndani ya kasri. Na Athens, juu ya kilima cha Akropoli chenye mahekalu ya miaka 2,400 na zaidi, iliwekwa lifti mwaka 2004 na ikabadilishwa kwa mpya Desemba 2020. Tatizo la Mji Mkongwe ni vizingiti vya milango, na kwa kizingiti ubao unaohamishika unatosha. Jiwe la kale halichimbwi hata punje.

Kwa wasioona, utalii tulio nao tayari ni hazina, ila unaongozwa kwa macho. Chukua shamba la viungo la Kizimbani, Unguja. Mwongoza wageni akiacha kunyooshea kidole na kuanza kuweka mkononi, kila kitu kinabadilika. Jani la mdalasini likivunjwa hutoa harufu moja. Gome lake jingine. Na mzizi wake ukikwanguliwa unanuka kafuri. Kungumanga ikipasuliwa, kidole kinapita juu ya wavu wa basibasi kabla ya kugusa kokwa. Hiliki inabidi uchutame uipapase, kwa sababu inazaa chini kabisa, kwenye shina. Langilangi humfikia mtu kabla hajaufikia mti. Asiyeona hapunguziwi chochote katika ziara hiyo, na wenye macho walioko naye hujifunza zaidi. Kwa viziwi shida ni nyingine: mwongozaji huzungumza huku amewapa mgongo. Kenya, ambako katiba ya 2010 imeitaja Lugha ya Ishara miongoni mwa lugha rasmi za Bunge, hapana sababu ya makumbusho makubwa kukosa mwongozaji anayeijua. Vijana viziwi wapo, wanatafuta kazi, na wangeifanya kazi hiyo vizuri kuliko sisi.

Sheria zipo. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa mwaka 2006 kuhusu haki za watu wenye ulemavu unataja waziwazi, katika ibara ya 30, haki ya utamaduni, mapumziko na michezo. Kenya iliuridhia mwaka 2008 na Tanzania 2009. Tanzania Bara ina Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010. Ibara ya 54 ya Katiba ya Kenya inagusa majengo, usafiri wa umma na hata habari.

Hilo la habari ndilo ningependa lianze, kwa kuwa halingoji bajeti. Mwaka 2013, Euan MacDonald wa Edinburgh, aliyekuwa akitumia kiti mwendo, alianzisha na dada yake mwongozo uitwao Euan's Guide, ambamo watu wenye ulemavu wenyewe huandika walichokikuta: ngazi ngapi, choo kikoje, wahudumu walisemaje. Hoteli ikitangaza tu kuwa inakaribisha wote, haijamsaidia mtu. Ikisema "tuna ngazi mbili, choo cha wageni kina mlango wa sentimita 70, hatuna lifti", mtu anaweza kuamua. Ukweli wenye upungufu humwokoa msafiri kuliko ahadi nzuri.

Kwa hiyo, wewe unayeendesha nyumba ya wageni, mgahawa wa ufukweni, boti au gari la safari: chukua futi leo. Pima mlango wa mbele, mlango wa choo, urefu wa kitanda, kimo cha kila ngazi. Piga picha ya choo bila kuipamba, ya ngazi, na ya njia ya kufika majini. Weka namba na picha hizo mahali unapojitangazia, pamoja na simu ya mtu atakayejibu maswali. Kisha mwalike mtu mmoja mwenye ulemavu kutoka mtaani kwako aje kama mgeni, mlipe kwa muda wake, na umuulize alikwama wapi. Hapo alipokwama ndipo uanzie kujenga.